Funga Thelathini za Somoe

Daktari aliyeendesha semina pale Kilwa Masoko mwezi uliopita ni binti ambaye ningeweza kabisa kumzaa, na kama ningeanza mapema angekuwa mjukuu wangu. Alikuja amevaa raba, akaunganisha kompyuta yake na projekta, akatuwekea ukutani picha ya msichana anayekimbia, na kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai akaeleza jambo ambalo mimi nimeishi nalo zaidi ya miaka arobaini. Alisema msichana anayefanya mazoezi makali huku anakula kidogo, mwili wake huanza kubana matumizi. Huzima kwanza yale yanayoweza kusubiri, na siku zake za mwezi hukatika. Alisema tusikimbilie kudhani mimba, wala tusijisifu kwamba ndiyo dalili ya kuiva kimichezo. Huo ni mwili unaolia njaa, na usiposhibishwa, mifupa nayo itadhoofika. Walimu wa michezo waliandika kwenye madaftari yao mapya. Matroni mmoja, mama mcheshi aliyekaa mbele yangu, akanyoosha mkono akasema, "Daktari, hayo ni ya huko kwenye vitabu. Kwetu sisi zikikatika tunajua kuna aliyezikata," ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Naandika hivyo makusudi, maana nina hasira, na mtu wa kwanza ninayemkasirikia ni yule mwalimu mstaafu aliyecheka kwenye kiti cha nyuma, soda ya semina mkononi.

Mwaka ninaousema nilikuwa kidato cha tatu, hapohapo Masoko. Nilikuwa nimeshuka kutoka milima ya Umatumbi na sanduku la bati na rozari, na katika bweni la wasichana vitanda havikututosha, kwa hiyo tulilala wawiliwawili. Mimi nilipangwa na Somoe wa Kinjumbi. Alikuwa na miguu mirefu na mdomo mwepesi, na siku ya kwanza tu alinigawia nusu ya kitanda na robo ya shuka, kisha akaniuliza jina. Nilipomwambia Perpetua, akasema jina refu namna hiyo litamchosha kabla hajaniomba maji. Akalikata, nikawa Petu, na shule nzima ikamfuata. Somoe alikimbia mita elfu moja na mia tano, na alipokimbia hata wavulana waliokuwa wanacheza mpira waliacha mpira wakatazama. Mimi nilikuwa wa pili wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu kwenye timu: nikiuona mgongo wake mpaka mzunguko wa tatu, najua leo nimekimbia. Shule ilipeleka msichana mmoja tu kwa kila mbio kwenye mashindano ya Lindi, na ilijulikana kwamba atakayefanya vizuri kule angechukuliwa kusomea ualimu wa michezo akimaliza kidato cha nne. Nafasi hiyo ilikuwa ya Somoe. Hakuna aliyebisha, hata mimi sikubisha, na alikuwa ameshaanza kututuma maji kwa sauti ya kimwalimu.

Mwalimu wetu wa michezo, ambaye nitamwita Mwalimu Chilumba, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mbaya ungemchukia ukamaliza. Alikuwa na filimbi, saa moja ya mkononi iliyokuwa inachelewa, na elimu aliyoiokota huku na kule. Mashindano yalipokaribia, wavulana wa timu waliwekewa meza yao bwaloni. Walipata maziwa ya unga, yai la kuchemsha mara mbili kwa wiki, na upawa wa pili wa maharage. Sisi tulikaa meza ya ng'ambo tukila kama wanafunzi wengine, na Mwalimu Chilumba alipita nyuma yetu akichungulia sahani. "Wavulana wanajenga misuli," alituambia. "Nyinyi mwanamke mbio zake ni wepesi. Punda mwenye mzigo hakimbii." Basi tukawa tunaacha. Nilikuwa naacha nusu ya ugali, Somoe robo tatu, na sahani zetu zilirudi jikoni na ugali uliokatwa vizuri kwa kidole. Tuliona fahari. Leo nikikumbuka kwamba tulimshukuru yule mwalimu, tukimwambia, "Asante Mwalimu, tumepungua," nashikwa na hasira upya.

Siku zetu zilikatika miezi miwili mitatu kabla ya Ramadhani, zangu na zake. Ilikuwa miaka ya foleni, sabuni ilikatwa kwa uzi vipande vyembamba, na vitambaa vyetu vilikuwa kanga chakavu tulizozifua nyuma ya bweni kwenye beseni moja la watu wanane. Ndipo hapo beseni likiwa mbele yetu Somoe aliponiuliza, "Petu, wewe mwezi huu umeona?"

"Sijaona. Na uliopita sijaona."

"Mimi ndiyo usiseme. Mwenyezi Mungu kaona sabuni hakuna, katuonea huruma." Tukacheka tukarushiana povu. Akasema labda ndiyo uanamichezo wenyewe, mwili umeshajua tuna kazi, na mimi nikakubali kwa sababu Somoe akisema jambo lilikuwa linapendeza kuaminiwa. Hatukumwambia mtu. Tungemwambia nani? Kila mkubwa tuliyemjua alikuwa na neno moja tu la kumpa msichana asiyeona siku zake.

Ramadhani ilipoingia, sisi Wakristo wa bwenini, ambao hatukufika kumi, tulihamishiwa stoo kula chakula cha mchana ili tusiwatamanishe wenzetu. Bado naisikia harufu ya chumba kile: magunia ya unga, debe la mafuta ya nazi, samaki wakavu waliotundikwa juu ili paka asiwafikie. Mlango wake ulikuwa umevunjika, ukawekwa pazia la kanga. Nyuma ya pazia hilo waliingia pia wasichana wa Kiislamu waliokuwa katika siku zao, maana mwanamke akiwa katika siku zake hafungi. Hula, kisha huzilipa funga zake baada ya Idi. Waliingia wamejiziba mdomo kwa mtandio, wanacheka kwa haya, wanakaa nasi siku tano sita, kisha wanarudi kwenye funga na mwingine anaingia. Hakuna aliyeandika popote, lakini kila mtu alisoma: huyu kaja, yule bado, yule wa dirishani wiki ijayo. Matroni wetu, Bi Hadija, ndiye aliyekuwa anapakua, na Bi Hadija alihesabu kwa upawa.

Somoe hakuja hata siku moja. Alifunga yote, na alijisifu. Saa kumi jioni, tumbo tupu, koo kavu, alikuwa barabarani kuelekea uwanja wa ndege akikimbia na sisi tuliokula, na anatupita. Mmoja wetu alipomwomba Mwalimu Chilumba apunguze mazoezi kwa waliofunga, alijibu, "Funga ni yako, mashindano ni ya shule." Futari ilipofika, Somoe alikula tende mbili na uji, basi, kwa sababu alikuwa analinda wepesi. "Thelathini kamili nazitaka, Petu," aliniambia. "Mwaka huu sitakuwa na ya kulipa hata moja. Wenzangu watakuwa wanalipa, mimi niko Lindi." Wakati huo mimi nilikuwa nakula stooni kila siku ya Mungu, na siku zangu zimekatika vilevile, na hakuna aliyeziulizia. Mkatoliki akila mchana mwezi mzima, hakuna kinachosomeka.

Zilikuwa zimebaki siku mbili tatu kufika Idi. Nilikuwa nimebaki peke yangu stooni nakwangua ukoko wa wali chini ya sufuria, nikamsikia Bi Hadija nje ya pazia. Alikuwa anasema na Mwalimu Chilumba.

"Mwalimu, mkimbiaji wako anafunga sana."

"Yule mcha Mungu, Bi Hadija."

"Mcha Mungu? Binti mkubwa vile, ameshachezwa unyago, anafungaje mwezi mzima asivunje hata siku moja? Mimi nimezaa saba, Mwalimu. Mwanamke wa kufunga thelathini ni kikongwe, au ana kitu tumboni."

Kisha Mwalimu Chilumba akasema, "Labda ni haya mazoezi."

"Mazoezi yakazuia damu? Umesikia wapi?"

"Sijasikia," akasema.

"Na wenzake bwenini wanasema. Lisemwalo lipo, Mwalimu, kama halipo laja."

Ile "labda" nimeikumbuka maisha yangu yote. Mtu mmoja alikuwa na jibu sahihi mdomoni mwake, akalimeza kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba mwili wa msichana ni kitu cha kuulizwa maswali. Alijua uzito wa tufe na urefu wa kamba ya kurukia. Alijua yai linajenga msuli wa mvulana. Kuhusu sisi alijua kwamba tuwe wepesi. Na mimi nilikuwa nyuma ya kanga, hatua mbili, mwiko mkononi, na jibu hilohilo lilikuwa ndani ya mwili wangu. Ningefunua pazia tu. Niliendelea kukwangua sufuria polepole ili wasinisikie.

Siku ya tatu baada ya Idi walimwita Somoe. Hawakumpeleka hospitali, walimpeleka stoo. Walimlaza kwenye benchi la kuwekea sahani, Bi Hadija akamfunua gauni akaanza kumpapasa tumbo kwa vidole, huku mkuu wa shule na Mwalimu Chilumba wamesimama nje ya pazia kwa heshima. Heshima! Nami niliitwa kwa kuwa nalala naye, nikasimamishwa kichwani pake. Bi Hadija hakuwa mkali. Alisema kwa sauti ya mama, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Sema tu mwenyewe ni nani."

"Sitaki kuzaa, Matroni, nataka kukimbia," Somoe akasema akiangalia samaki waliotundikwa. "Wallahi simjui mwanamume."

"Wote huapa."

Akabonyeza tena chini ya kitovu. Tumbo lenyewe lilikuwa limeingia ndani, mifupa ya nyonga imetokeza, na sijui hadi leo vidole vile viligusa nini. Akaifuta mikono kwa kanga yake. "Kitu kipo," alisema kwa walio nje. "Kichanga, lakini kipo."

Mkuu wa shule akauliza kutoka nje ya pazia, "Perpetua, wewe unalala naye. Umeona lini mwenzako akifua vitambaa vyake?"

Somoe akageuza kichwa kwenye benchi akanitazama. Hakuwa na wasiwasi. Nataka ieleweke hivyo: aliponitazama alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuokolewa, kwa sababu mimi nilijua, na kilichobaki ni kusema. Ningesema, "Mwalimu, hata mimi." Maneno matatu. Msichana mmoja zikikatika ni mwenye dhambi. Wawili wanaokimbia pamoja na kuacha ugali uleule, mmoja Mwislamu aliyefunga na mmoja Mkatoliki anayekula stoo, wote zikikatika miezi ileile, hapo kuna swali, na Mwalimu Chilumba na ile "labda" yake angelazimika kuliuliza.

"Sijui, Mwalimu," nilisema.

Niliogopa benchi. Hilo ndilo nililojiambia kwa miaka mingi na ni kweli, niliogopa kulala pale na kupapaswa. Lakini sasa nina umri wa kusema na lililobaki: wakati natamka "sijui" nilikuwa nimeshaiona Lindi. Msichana mmoja kwa kila mbio. Somoe naye angeweza kusema, "Muulizeni na yeye zake ziko wapi." Alikuwa na pumzi ya kutosha na mdomo wake mnaujua. Aliteremka kwenye benchi, akashusha gauni, akapita kwenye pazia bila kuligusa, na kabla ya swala ya alasiri alikuwa ameondoka na sanduku lake kichwani.

Lindi nilishinda. Hapakuwa na mgongo wa kuufuata, nikakimbia kama mtu anayefukuzwa. Nilipewa jagi la plastiki na makofi, na mwaka uliofuata wakaja na fomu ya chuo. Mwaka huohuo mfupa wa ugoko wangu wa kulia ulipasuka nikiwa nakimbia tu, sikujikwaa, sikuanguka. Nyumbani wakasema nimetupiwa kitu na watu wa Kinjumbi. Nami nikakubali, maana ilikuwa rahisi kuamini kwamba Somoe ananiroga kuliko kuamini kwamba nina njaa. Huko Kinjumbi, watu walisubiri tumbo likue. Halikukua. Mtu angedhani basi, mtoto arudishwe shule, aombwe radhi. Hakuna aliyekwenda. Walisema ameitoa mimba. Tumbo lingekua, ana mimba; halikukua, kaitoa; hapakuwa na namna ya mwili wake kusema kweli ikasikika. Kabla ya korosho za mwaka ule kuvunwa, aliozwa kwa mtu aliyekuwa na wake wawili.

Mimi nikawa mwalimu wa michezo. Nimefundisha miaka thelathini na ushei, wilaya hii hii, na nimepewa vyeti vya shukrani ambavyo mchwa wameshavionja. Na katika miaka hiyo, kila shule ilipofunguliwa, wasichana walipangwa mstari nje ya chumba fulani waingie mmojammoja wakapimwe mimba. Wapo waliopimwa kwa mkojo, wapo waliopapaswa. Mwenye orodha aliyesimama mlangoni akiwaita majina mara nyingi nilikuwa mimi, kwa kuwa walisema nina sauti. Wavulana walikuwa uwanjani wanacheza mpira. Siku hizi hata mwenye mimba anaruhusiwa kurudi shule, na hilo ni jema, lakini mazoea ya kupekua miili ya mabinti hatujayaacha, na wakimbiaji wangu wembamba zaidi ndio waliokuwa wakiitwa mara ya pili. Nilikuwa nawaona wanaacha chakula. Nilikuwa nawaambia wale. Niliwaambia kwa sauti ndogo, mimi mwenye sauti.

Kesho yake baada ya semina nilipanda bodaboda mpaka Nangurukuru. Somoe ana banda la chakula pale njia panda, mabenchi manne na turubai, anapikia wasafiri wanaosubiri mabasi. Katika miaka yote hii tulikuwa tumekutana misibani tu, tukaulizana za watoto, tukaachana. Aliponiona alifuta mikono akasema, "Ee, Petu! Leo nani kafa?"

"Hajafa mtu, shoga. Nimekuja kukwambia jambo."

Nilimwambia yote aliyosema daktari, nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya jiko lake. Aligeuza samaki kwenye mafuta, mmojammoja, hakuharakisha. Nilipomaliza alisema, "Kumbe njaa."

"Njaa."

"Mimi nilijua sina mimba. Hilo nilijua. Nilichokuwa sijui ni kwamba nina nini." Akacheka kidogo, cheko lisilopendeza. "Miaka yote najiuliza Mungu aliniadhibu kwa lipi, na nilikuwa nimemfungia thelathini. Kumbe nilihitaji ugali." Akaopoa samaki akawaweka kwenye sinia. Kisha akauliza, "Hapo kwenye semina walimu walikuwapo wengi?"

"Ukumbi ulijaa."

"Na matroni?"

"Walikuwapo. Mmoja alikuwa anatuchekesha."

"Ukawaambia?"

"Habari yako? Hapana, Somoe. Nisingeweza kukutangaza mbele za watu bila idhini yako."

Akaacha upawa. "Yangu kwani nani haijui? Wameisimulia wao, Kinjumbi mpaka Masoko, watoto wangu wameikuta. Sikuulizi yangu, Petu. Nakuuliza yako."

Alipakua wali, sahani ya kujaa, akaweka samaki juu, akanipa mkononi, akasema, "Kula, wote huo. Leo usiache." Basi lilikuwa limeingia na abiria walikuwa wanashuka, akaenda kuwahudumia. Nilikula nikamaliza, na hakurudi kukaa.

Kwa hiyo naandika hapa, na nakala ya kwanza nimeshampelekea yule matroni mcheshi kwa mkono wangu, ofisini kwake, mbele ya walimu wenzake, nikaisoma kwa sauti, na hakuna aliyecheka. Mimi, Perpetua, mwaka ule, kwa miezi mitano sikuona siku zangu. Sikuwa na mimba. Nililala kitanda kimoja na Somoe, nikakimbia nyuma ya Somoe, nikaacha chakula kama Somoe. Nilipoulizwa nilisema sijui. Nilijua.